Sikio la Kushoto

Mimi na Shaundeen Manygoats tuna hedifoni moja ya waya, na mimi ndiye sikio la kushoto.

Ilianza hivyo tukiwa wadogo, nyuma ya jiko la shule, na haijawahi kubadilika. Yeye anakaa upande wangu wa kushoto, bega kwa bega, anaweka ya kulia. Mtu asiyesikiliza metali, ule muziki mzito wa magitaa na kunguruma, ataona ni jambo dogo. Lakini kwenye metali magitaa huwa mawili, moja limepangwa upande huu na jingine upande ule, yanabishana mpaka wimbo unaisha. Kwa hiyo mimi nina gitaa langu na yeye ana lake. Ngoma na yule anayenguruma tunagawana. Wimbo mzima upo tukiwa wawili tu.

Hata nikiwa peke yangu nyumbani naweka ya kushoto. Ya kulia naiacha ining'inie kifuani, kwa sababu ni nafasi ya mtu. Hilo sijawahi kumwambia, na sijawahi kumuuliza kama na yeye anafanya hivyo. Nilijua tu kwamba anafanya.

Na albamu mpya hatuisikilizi mtu akiwa peke yake. Mara ya kwanza ni pamoja, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuna kuruka.

Halafu baridi ilipokuwa imeshika kabisa akaja Bryelle Tohannie kutoka Phoenix.

Mama yake alipata kazi kliniki, kulekule anakofanya kazi mama yangu, kwa hiyo habari zake nilizipata kabla sijamwona. Eti ni msichana mwenye adabu, anapenda zile kelele zenu. Nikajua tayari. Wiki hiyohiyo nikamwona kwenye korido amevaa kizibao cha jinzi kimejaa viraka vya bendi mpaka kwapani, na kila kiraka kimeshonwa kwa ule uzi wa kusafishia meno, maana haukatiki. Changu alikishona bibi kwa cherehani, uzi wa waridi, pembe zote zimekaa sawa kama pazia. Bryelle akakitazama akasema kinapendeza sana. Afadhali angecheka.

Shaundeen ndiye aliyemwalika uwanjani. Huku kwetu, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa Arizona, bendi zinapiga kwenye ukumbi wa jumuiya, ukumbi uleule wa mikutano na misiba, na kabla milango haijafunguliwa watu hukusanyika nje kwenye magari. Kuna pipa la moto katikati. Kila mtu kwa zamu yake anatoa wimbo mmoja anaoupenda, unapigwa kwenye spika za gari, na watu wanausikiliza wote kabla ya kuusifu au kuutukana. Kutukanwa ni kawaida. Mjomba wa Shaundeen, Delbert, anayepiga ngoma kwenye bendi ya Korongo Kavu, alishawahi kuambiwa wimbo wake unafanana na mashine ya kufulia iliyowekewa mawe, akasema asante.

Mimi sijawahi kutoa wimbo. Zamu ikinifikia natazama viatu, na Shaundeen anasema, "Huu ni wetu sote wawili," basi zamu inapita. Nilipenda sana neno hilo, wetu. Nilikuwa nalisubiri kila Jumamosi yenye muziki.

Siku hiyo Bryelle alipofikiwa hakuanza na wimbo. Alijitambulisha kwanza, vizuri, kama mtu aliyefundishwa na wakubwa: ukoo wa mama yake ni Maji Machungu, na amezaliwa kwa watu wa Nyumba Ndefu, ambao ni ukoo wa baba yake.

Maji Machungu ni ukoo wa Shaundeen.

Basi ikawa shangwe. Delbert akamshika mkono akamwita mpwa wangu. Shaundeen akamkumbatia, akamwita dada, na kwetu neno hilo si la kubembeleza, likishasemwa limesemwa. Miaka yote ile nyuma ya jiko la shule, mimi na Shaundeen si ndugu. Koo zetu hazikutani popote. Sina cha kumwita zaidi ya jina lake. Na huyu amefika juzi, buti zake bado zina vumbi la Phoenix, tayari ni dada.

Ya Nyumba Ndefu hakuna aliyeyajali kwa kelele ile. Mimi niliyasikia. Nyumba Ndefu ni ukoo wangu. Mtu ambaye baba yake ni wa ukoo wako, wewe ni shangazi yake, hata kama mnalingana umri, na nilitakiwa nisimame pale pale niseme. Nikatazama viatu.

Kisha Bryelle akatoa wimbo wake. Ulikuwa mzito, wa polepole, gitaa linaburuzwa kama mtu anavuta lango la chuma juu ya changarawe. Ulikuwa mzuri. Nilitafuta kosa mpaka mwisho sikuliona. Zamu ilipofika kwa Shaundeen akatoa wake, na hakusema wetu.

Sitaki kuonekana kama nilikuwa nahesabu, lakini nilikuwa nahesabu. Nani kakaa wapi wakati wa chakula. Nani kacheka kwanza. Shaundeen alianza kusema "wee acha" kwa ile sauti ya Bryelle ya puani. Alianza kusuka nywele pembeni. Siku moja akaniambia kuna bendi ya Arizona ya kusini lazima niisikilize, nikamwambia naijua. Nilikuwa siijui. Jioni nikaitafuta, nikausikiliza kila wimbo wao kwa sikio langu moja, ili kesho akiniuliza nisiumbuke. Kesho hakuniuliza.

Jumamosi nyingine nilikuwa namsaidia bibi kwenye gulio, anauza supu ya kondoo na mikate ya kukaanga, wakaja wote wawili. Bibi hamwachi mgeni apite bila kumuuliza watu wake. Bryelle akataja. Bibi akaweka upawa chini.

"Nyumba Ndefu," akasema. "Huyu ni mtoto wetu. Ardena, wewe ni shangazi."

Nikasema ah, kumbe. Bibi akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama kweli nilikuwa sijui, wakati mtoto mwenyewe anasema ameshajitambulisha mbele ya watu. Nikajifanya napuliza moto. Bryelle akapakiwa bakuli hadi ukingoni, ule mfupa wenye uboho ambao siku zote ni wangu ukaelea juu ya supu yake, na bibi akakataa pesa.

"Shangazi," Bryelle akaniambia huku anatafuna, "shangazi wa watu huwa wananunua soda."

Shaundeen akacheka mpaka akashika tumbo. Hata bibi akacheka. Nilimnunulia soda. Ningefanyaje?

Sasa, albamu ya Taya la Chumvi. Hii ndiyo bendi yetu, mimi na Shaundeen, kuliko zote. Hawatoi kitu mara kwa mara. Tangu tuliposikia kwamba albamu mpya itatoka Ijumaa ya mwisho ya Machi, nilikuwa nimetulia. Nilijiambia, haya, dada awe dada, lakini hii iko kati yetu. Tulikubaliana Jumamosi mchana, gulioni, kwenye bodi ya nyuma ya pikapu ya Delbert. Nyumbani kwetu mtandao haushiki, kwa hiyo Ijumaa baada ya shule nilienda kliniki kwa mama, nikaipakua. Nilikaa na simu ile mfukoni usiku kucha na asubuhi yote, nyimbo zimo ndani, sikuzigusa. Nilijivunia hilo. Nilitamani aniulize ili nimwambie.

Alikuja akiwa ametulia. Akakaa kushoto kwangu, tukavaa, nikabonyeza.

Wimbo wa kwanza ni moto mtupu. Wa pili mrefu kidogo. Wa tatu unaitwa "Kisima Bila Maji," na katikati yake kila kitu kinakatika. Ngoma kimya, mwimbaji kimya. Kisha kwenye sikio langu, la kushoto, gitaa likaanza peke yake, chini kabisa, nota zinatembea kama paka juu ya bati, zinapanda, zinasimama, zinapanda tena, mpaka bendi yote inakuangukia.

Nywele zilinisimama. Nikageuka kumtazama Shaundeen, kwa sababu yeye upande wake wa kulia ulikuwa kimya kabisa, nami nilitaka kumwona akishangaa, asijue mwenzake ninapata nini huku.

Vidole vyake vilikuwa vinacheza gotini. Vinatembea, vinasimama, vinatembea tena. Kila nota ya sikio langu ilikuwa kwenye goti lake.

Nilidhani labda sauti imevuja. Nikasubiri wimbo uishe, nikamuuliza kama vile sina nia yoyote, pale katikati alisikia nini. Akasema hakusikia kitu, kimya tu, alifikiri simu imezima. Alisema bila kunitazama.

Tukasikiliza albamu mpaka mwisho. Mimi sikusikia tena hata wimbo mmoja. Nilikuwa natazama mkono ule. Alipokumbuka aliukalia. Na ulipokuwa umekaliwa, kidole cha mguu ndani ya buti kilikuwa kinajua kila mahali ngoma itakapopiga kabla haijapiga. Mwishoni akasema jamani, hii ni kali, na akanikumbatia, na mimi nikasema ndiyo, ni kali.

Nilijua amesikiliza. Nilijua pia alisikiliza na nani, lakini kujua kwa tumbo na kuona kwa macho ni tofauti, na mimi nilitaka kuona.

Jioni hiyohiyo Korongo Kavu walikuwa wanapiga ukumbini. Watu walifika mapema, jua bado liko juu ya miamba, upepo unatupa mchanga kwenye pipa la moto. Wengi walitaka nyimbo zipigwe kwenye gari la mama yake Bryelle, maana lina spika nzuri. Pikapu ya Delbert ina spika moja tu inayofanya kazi, ya kulia. Waya wa kushoto ulitafunwa na mbwa wake na hajautengeneza, anasema mbwa ana haki ya kutoa maoni.

Zamu ilipozunguka ikanifikia. Shaundeen akafungua mdomo, labda angesema wetu, lakini nilimwahi. Nikasema nina wimbo.

Delbert akavua kofia.

"Huyu mtoto anaongea?" akasema. "Nani mwingine amesikia, au ni mimi tu na haya masikio yangu mabovu?"

Wakacheka. Uso ulikuwa unanichoma, lakini niliendelea. Nikasema nataka upigwe kwenye pikapu, siyo kwenye lile gari. Mtu mmoja akalalamika, Delbert akamwambia rafiki wa mpwa wake amesubiri miaka kusema neno, apigiwe hata kwenye sufuria. Nikatoa simu nikaiunganisha. Nikakosea wimbo, nikarudia.

"Kisima Bila Maji" ikaanza. Kwa spika ya kulia tu. Nilikuwa nausikia upande wa Shaundeen kwa mara ya kwanza, lakini sikuwa na nafasi ya kuusikia. Nilisimama ng'ambo ya moto niwaone wote wawili.

Ulipofika katikati ukakatika. Na kwa kuwa gitaa lile liko kushoto tu, pikapu ikawa imekufa kabisa. Watu wakatazamana. Delbert akainama dirishani kubonyeza kitu, akimlaani mbwa.

Katika kimya kile, vichwa viwili vilikuwa vinatikisika. Taratibu, chini, juu, pamoja, nywele zao zimeangukia mbele, Shaundeen na Bryelle, bega kwa bega. Walisimama pamoja mahali gitaa linaposimama. Walipanda pamoja lilipopanda. Bryelle alikuwa amefumba macho anatabasamu, hata hakujua kwamba hakuna muziki. Hakuna mwingine aliyeelewa. Kuna mtu aliuliza kama hao wawili wanasikia majini. Bendi ilipoanguka tena watu waliruka kwa kushtuka, na wao walikuwa tayari wako chini, wameanguka nayo.

Shaundeen aliinua uso akaniona ninamtazama. Akaacha.

Wimbo ulipoisha watu waliusifu. Delbert alisema ni wimbo bora wa jioni ile, na kile kimya cha katikati kinatisha, watu hawa wana akili. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote kutoa wimbo usifiwe, na sikumjibu hata mmoja. Niliingia ndani ya pikapu nikafunga mlango.

Shaundeen alikuja. Alifungua mlango wa upande wa pili akakaa kwenye usukani. Kutokea hapo nilikuwa kulia kwake, kama siku zote, sijui kama alifikiria au ni mazoea.

"Ulifanya makusudi," akasema.

Nikamuuliza waliisikiliza lini. Akasema jana, baada ya shule, kwenye gari la mama yake Bryelle. Ule muda mimi niko kliniki natazama mstari wa kupakua unavyotambaa. Nikamuuliza mara ngapi.

"Mara moja. Huu wa tatu tuliurudia."

"Mliurudia."

"Ardena, nilisikia pande zote." Alikuwa anakwangua usukani kwa ukucha. "Wewe kila siku unanisimulia sikio lako. Eti kushoto kuna hiki, kushoto kuna kile, pole sana mwenzangu umekosa. Miaka yote hiyo. Nikakaa kwenye lile gari likaanza lile gitaa, likawa linakuja kwangu. Nilitaka kulia."

Nikasema si angeniambia tu kwamba anataka kusikia pande zote.

"Ungekubali?"

Nje Delbert alikuwa anaita watu waanze kuingia. Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, angejisikia vibaya, ningeshinda. Lakini nisingekubali. Ningetafuta sababu, ningesema waya ndio huu tulionao, ningesema tumezoea. Kama mtu angenipa spika kubwa kuliko zote Arizona bado ningetaka ule waya mfupi, kwa sababu ukiwa mfupi mtu hawezi kukaa mbali.

"Nisingekubali," nikasema.

"Unaona."

"Lakini ulinidanganya. Ulisema ulisikia kimya."

"Uliniuliza huku umenikazia macho kama polisi. Niliogopa." Akaacha kukwangua usukani. "Bryelle hajui kama tuna mambo yetu haya. Sikumwambia. Usimchukie."

Nikasema simchukii, ni mtoto wa kaka yangu. Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki.

Kweli simchukii. Ninamwonea wivu, tena si kwa udada wala supu. Ninamwonea wivu kwa sababu alikuwa pale. Shaundeen aliposikia gitaa lile mara ya kwanza, macho yake yalijaa machozi, na aliyekaa karibu akayaona ni Bryelle. Uso ule nilikuwa nimeusubiri tangu tuliposikia habari za albamu. Hautarudi tena, hata turudie wimbo mpaka simu iyeyuke.

Nilitoa hedifoni mfukoni. Shaundeen akanyoosha mkono wake kama kawaida kuchukua ya kulia. Nikaichukua kabla yake. Nikaweka ya kushoto, halafu nikaweka na ya kulia. Ilikuwa inabana, sikio lile halijazoea. Nikabonyeza wimbo wa tatu.

Sijui kuelezea. Gitaa la kulia lilikuwa limekaa pale muda wote. Lina uchungu, si kama langu, langu linapigana, lake linalia, na yakiwa pamoja unasikia yanachogombania. Miaka yote alikuwa nalo hilo, akalisikiliza kimyakimya, hakuwahi hata siku moja kunitambia. Nikamwonea wivu na yeye pia.

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa, mwanga ukamwagika nje. Nilimwona Bryelle amesimama kizingitini anapunga mikono yote miwili, mdomo wake unasema dada, dada, twende. Nyuma yake bendi ilikuwa inajaribu vyombo, niliihisi kwenye kiti cha pikapu. Shaundeen alimtazama. Kisha akamwonyesha kiganja, ngoja, au nenda, sikujua ni kipi. Bryelle akaingia ndani.

Shaundeen hakuondoka. Alikaa pale kwenye usukani bila kitu masikioni, baridi inaingia kupitia dirisha lisilofunga vizuri, mjomba wake anaanza kupiga ngoma bila yeye. Alikuwa anatazama mikono yangu ili ajue wimbo umefika wapi.

Nikavificha vidole kwapani, nikavibana sana, visitikisike.